Amri ya dharura na fidia ya kuumia kazini: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa Unguja na Pemba

Dharura ikitangazwa, watu huuliza kwanza habari za boti, soko, skuli na umeme. Aliyeumia kazini siku hizo hupewa pole, na suala la fidia yake likasogezwa mbele "mpaka mambo yatulie". Mambo yakishatulia, msimamizi wa zamu kesharudi kwao Bara, daftari la mahudhurio halionekani, na mwajiri anasema siku ile hapakuwa na kazi kwa sababu serikali ilikuwa imefunga. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa jamaa zake, maana mara nyingi wao ndio wanaozunguka afisini kwa niaba yake.

Shika jambo moja tangu mwanzo: amri ya dharura kwa kawaida haifuti haki ya fidia. Inayobadilika ni mizunguko ya haki hiyo, yaani nani anatakiwa kuthibitisha, muda unahesabiwa vipi, ulikuwa kazini au hukuwa, na mshahara upi unaofanyiwa hesabu. Mtu anaweza kupoteza fidia yake yote bila sheria kuguswa hata mstari mmoja.

Hatua ya kwanza: jua sheria ipi ni yako

Kazi si jambo la Muungano. Kwa hiyo fidia ya aliyeumia kazini Unguja au Pemba inasimamiwa na sheria za Zanzibar zinazotungwa na Baraza la Wawakilishi. Sheria ya msingi ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Mwaka huo huo zilipita Sheria ya Ajira Namba 11, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8. Ukienda Kamisheni ya Kazi, omba uoneshwe nakala iliyo na marekebisho yote mpaka leo. Usitegemee karatasi iliyotolewa kopi zamani ukapewa na rafiki.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hutafuta maelezo kwenye simu wakaangukia habari za WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wenye fomu zake na michango yake ya waajiri. Mfuko huo umeundwa kwa sheria ya 2008 na unahusu Tanzania Bara. Mhudumu wa hoteli ya Kiwengwa akijaza fomu za WCF atakuwa amepoteza wiki nzima kwenye mlango usio wake. Ikiwa mwajiri wako amesajiliwa Dar es Salaam na wewe unafanya kazi Paje, au unafanya kazi kwenye chombo kinachokwenda na kurudi, lipeleke swali hilo Kamisheni ya Kazi mapema na kwa maandishi, kabla mwajiri hajalifanya kuwa kisingizio.

Swali jingine la siku ya kwanza: nani atalipa? Mwajiri mwenyewe kutoka mfukoni, kampuni ya bima aliyokata bima ya wafanyakazi, au mfuko? Jibu linakuonesha barua zako ziende wapi. Michango yako ya ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, nayo isikuchanganye. Mafao ya ulemavu ya hifadhi ya jamii ni mlango mmoja na fidia ya ajali ni mlango mwingine, na kuuliza kwenye mmoja hakukuzuii kuuliza kwenye wa pili.

Hatua ya pili: isome amri yenyewe

Maneno "serikali imeamuru" hubeba vitu vingi visivyo sawa. Kabla ya kukubali kwamba haki yako imebadilika, tafuta nani ametia saini, kwa sheria gani, kuanzia tarehe gani na mpaka lini.

Kuna hali ya hatari ya Katiba. Hiyo ni mamlaka ya Muungano, na chini ya ibara ya 32 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 hutangazwa na Rais wa Jamhuri, kwa nchi nzima au sehemu yake. Nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, Bunge likaitwa ndani ya siku 14, na azimio la kuliunga mkono linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Ni jambo zito, halitokei kila mwaka. Wazee wa Unguja wanakumbuka hali ya hatari iliyotangazwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961, enzi za utawala wa Muingereza. Na hata hali hiyo ina mipaka. Ibara ya 31 inaruhusu sheria za Bunge kuweka hatua za dharura zinazogusa haki ya kuishi na haki ya kuwa huru, ambazo ni ibara ya 14 na ya 15. Haki ya kupata ujira wa haki iko ibara ya 23, na haimo humo.

Kisha kuna maagizo ya chini ya hapo, na haya ndiyo tuliyoyazoea: agizo la afya wakati wa maradhi ya mripuko, hatua za maafa chini ya sheria ya 2015 iliyounda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, amri ya waziri, tangazo la mkuu wa mkoa. Kipindupindu cha 2015 na 2016 kilileta marufuku za biashara ya vyakula. Machi 2020 ndege za watalii zilisimama na skuli zikafungwa. Mahoteli mengi yakawaambia wafanyakazi warudi nyumbani, huku wachache wakibakishwa kulinda na kusafisha.

Mwisho kuna maneno ya kiongozi mbele ya waandishi wa habari, na barua ya mwajiri inayoanza na "kufuatia agizo la serikali". Maneno hayo hayabadilishi sheria ya fidia. Sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi hubadilishwa na sheria nyingine, au na kanuni ambayo sheria yenyewe imempa mtu mamlaka ya kuitunga, nayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Mapinduzi. Mwajiri akikwambia fidia imesitishwa, muulize kwa upole: tangazo gani la kisheria, namba ngapi? Asipokuwa nalo, dai lako liko pale pale.

Na amri ikishafutwa, haki iliyopatikana siku ya ajali haiondoki nayo. Ajali huhukumiwa kwa sheria iliyokuwapo siku ilipotokea.

Hatua ya tatu: tambua mahali amri inapogusa fidia

Hapa tutoke kisiwani kidogo. Marekani, kama ilivyo kwetu, fidia ya wafanyakazi wengi haiko mikononi mwa serikali kuu. Kila jimbo lina sheria yake, na mwaka 2020 magavana walitoa amri nyingi za dharura. Yaliyotokea kule yanaonesha waziwazi njia ambazo amri hupitia mpaka ikaifikia fidia.

Njia ya kwanza ni mzigo wa kuthibitisha. Tarehe 6 Mei 2020 gavana wa California, Gavin Newsom, alitia saini amri iliyosema kwamba mfanyakazi aliyekuwa akitoka nyumbani kwenda kazini kwa agizo la mwajiri, akaonekana na UVIKO ndani ya siku 14, atachukuliwa kuwa ameupata kazini mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Ilihesabiwa tangu tarehe 19 Machi hadi 5 Julai mwaka huo, na mwajiri alipewa siku 30 tu za kulikataa dai, badala ya 90 za kawaida. Kabla ya hapo mgonjwa ndiye aliyetakiwa kuonesha kwamba virusi havikumpata sokoni au nyumbani kwake. Tazama jinsi haki ile ile ilivyogeuka kuwa nyepesi kwa kuhamisha mzigo tu.

Njia ya pili ni muda. Machi 2020 gavana wa New York alisimamisha muhula wa kufungua madai mahkamani kwa sababu afisi zilikuwa zimefungwa. Aliyechelewa kwa sababu ya dharura hakuhesabiwa kuwa amechelewa.

Ya tatu inahusu nguvu ya amri yenyewe, na ndiyo inayotufaa zaidi. Illinois, Aprili 2020, tume ya fidia ya jimbo ilitoa kanuni ya dharura inayofanana na ile ya California. Vyama vya waajiri vikaenda mahkamani, jaji akaizuia, na tume ikaiondoa kabla mwezi haujaisha. Mwezi Mei bunge la jimbo likapitisha jambo hilo kwa sheria, gavana akaitia saini Juni, likasimama. Michigan, tarehe 2 Oktoba 2020, mahkama ya juu ya jimbo iliamua kwamba sheria aliyokuwa akiitegemea gavana kutolea amri zake ilikwenda kinyume na katiba. California wenyewe hawakuiacha amri ibaki peke yake, wakaitungia sheria Septemba mwaka huo.

Mimi nachukua funzo hili kwa uzito: usijenge dai lako lote juu ya amri. Amri ikikusaidia, itumie. Lakini kusanya ushahidi kama vile amri hiyo haipo, kwa sababu inaweza kuanguka mahkamani au kumaliza muda wake kabla dai lako halijasikilizwa. Na hapa kwetu usidhani kwamba muda umesimama kwa sababu afisi imefungwa. Kama hakuna tangazo linalosema hivyo, uhesabu kuwa unakwenda, upeleke barua yako kwa njia yoyote iliyo wazi.

Hatua ya nne: thibitisha kwamba ulikuwa kazini

Hapa ndipo madai mengi ya wakati wa dharura yanapovunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Sheria za fidia kama yetu zinauliza maswali mawili: je, ajali imetokana na kazi, na je, imetokea ndani ya kazi? Haziulizi kama mwajiri alifanya uzembe. Hii ni faida kubwa kwako. Mwajiri akisema "si mimi, ni amri ya serikali iliyonilazimisha", jibu lake ni kwamba hukumshitaki kwa kosa. Unadai fidia ya mtu aliyeumia akimfanyia kazi. Ndiyo sababu mwajiri mjanja haendi upande wa kosa. Huenda upande wa pili, akasema hukuwa kazini.

Siku za kawaida jambo hili halina mabishano. Una zamu, una sare, kuna kitabu cha kutia saini getini. Dharura inavuruga yote hayo. Mpishi anaambiwa alale hotelini alinde. Karani wa ghala anaambiwa apakue magunia kwa kuwa wachukuzi hawakuruhusiwa kuingia. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta yalinguruma kila pahala, na aghalabu aliyekuwa akiyatia mafuta usiku si fundi, ni yeyote aliyekuwapo. Mtu kama huyo akiungua mkono, swali la kwanza litakuwa: nani alikutuma?

Jibu linatakiwa liwe tayari kabla ya kuumia. Kila unapopewa kazi isiyo yako au muda usio wako, pata alama yake. Ujumbe wa sauti wa msimamizi kwenye simu, ule wa "kesho njooni saa kumi na mbili asubuhi, wageni hawapo lakini bwawa lioshwe", ni ushahidi mzuri kuliko mashahidi watatu. Usiufute. Uhamishie kwenye simu ya mtu wa nyumbani, maana simu huanguka majini na laini hupotea. Kama amri ilikuja kwa mdomo, tuma ujumbe wa heshima baadaye: "Bwana Meneja, nimefika kama ulivyoniagiza, naanza kazi ya jenereta mpaka alfajiri." Akijibu "sawa" peke yake, yatosha. Asipojibu, tarehe na saa zimebaki.

Weka pia kijidaftari. Andika tarehe, saa ya kuingia, kazi, aliyekuagiza, waliokuwapo, saa ya kutoka. Mistari miwili kila siku inatosha, ilimradi iandikwe siku hiyo hiyo kwa kalamu hiyo hiyo uliyokuwa nayo. Daftari lililoandikwa lote usiku mmoja linajulikana.

Safari ya kwenda kazini ina kanuni yake. Kwa kawaida njia ya nyumbani haihesabiwi kuwa kazi, isipokuwa chombo kiwe cha mwajiri au safari yenyewe iwe ni agizo lake. Wakati wa dharura daladala zikisimamishwa, mwajiri hutuma gari lake la mizigo kuchukua watu vijijini. Likipinduka, abiria wale hawakuwa njiani kwa shughuli zao. Piga picha ya gari siku ya kwanza tu unapopanda, namba zake zionekane, na uhifadhi ujumbe wa dereva au msimamizi unaotaja pa kukusanyikia.

Tofauti moja inaumiza watu wema. Mwajiriwa aliyetumwa na mwajiri wake kusaidia kwenye maafa yuko kazini. Aliyekwenda kwa hiari yake hayuko kazini kwa sheria hii, hata kama amefanya tendo kubwa zaidi. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011, watu wa Nungwi waliingia baharini kuokoa bila kungoja kuambiwa. Nani angewazuia? Ila kama wewe ni mpiga mbizi wa kampuni, na bosi wako ndiye aliyesema chukueni boti mwende, basi neno hilo la bosi ni kitu cha kuhifadhi.

Vibarua nao wasijitoe. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumaanishi kwamba huna ajira. Kama ni kibarua wa siku au analipwa kwa kipande, atafute kinachoonesha malipo: jina kwenye orodha, ujumbe wa pesa iliyotumwa kwa simu, mwenzake waliyelipwa pamoja.

Hatua ya tano: siku ya kuumia

Matibabu kwanza. Ukiwa Pemba, nenda au upelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Abdalla Mzee ya Mkoani, Chake Chake, Wete au Micheweni. Unguja vivyo hivyo. Mwambie dakta maneno haya wazi: nimeumia kazini, nilikuwa nafanya kazi fulani, saa fulani. Hakikisha yameandikwa. Cheti kinachosema "ameanguka" tu kimekuachia mlima. Kinachosema "ameanguka kutoka ngazi akiwa kazini ghalani" kimekufanyia nusu ya kazi. Kama kituo kilicho wazi ni cha dharura tu na kadi ni kipande cha karatasi, kipige picha siku hiyo hiyo.

Kisha toa taarifa kwa mwajiri, siku hiyo au inayofuata, kwa maandishi. Usingoje upone. Jamaa anaweza kuandika kwa niaba yako. Barua haihitaji Kiswahili cha mahkamani. Mfano:

"Kwa Meneja. Mimi ni mpakuaji katika ghala lako la Mkoani. Jumanne usiku, saa tatu, nikiwa napakua magunia kwa agizo la msimamizi wa zamu, kwa kuwa wachukuzi wa kawaida walizuiwa na agizo la afya, gunia liliniangukia mguu wa kulia. Waliokuwapo ni msimamizi na wenzangu wawili wa zamu. Nimetibiwa hospitali ya Abdalla Mzee, cheti nimeambatanisha. Naomba ajali hii iandikwe katika kumbukumbu zako, iripotiwe Kamisheni ya Kazi, na nijulishwe utaratibu wa fidia."

Mashahidi wataje kwa majina kamili katika barua yako, na uweke namba zao za simu kwako mwenyewe. Tengeneza nakala mbili. Moja apokee, ya pili aitie saini na tarehe ya kupokea. Akikataa kutia saini, iache mbele ya shahidi, ipige picha mezani, na utume picha hiyo kwa simu yake. Hapo nakala nyingine ipeleke Kamisheni ya Kazi mwenyewe. Usiamini kwamba mwajiri ataipeleka kwa sababu tu anapaswa.

Tahadhari moja kubwa ni bahasha ya pole. Mwajiri anakuja nyumbani na watu wawili wa heshima, analeta mchele, mafuta na pesa kidogo, kisha anatoa karatasi: "tia saini tu hapa, ni ya kumbukumbu". Pokea msaada, shukuru, ni ubinadamu. Karatasi isome mpaka mwisho. Ikiwa inasema huna madai mengine, usitie saini hata kama aliyekuja ni mzee wa mtaa. Mwambie utaionesha kwanza kwa afisa kazi. Mwenye nia njema hatakasirika.

Hatua ya sita: ikiwa ni maradhi, si ajali

Gunia likikuangukia, kila mtu ameona. Kipindupindu au UVIKO havionekani vikiingia, na mahali pasipo na amri kama ile ya California, ya kuchukulia kwamba maradhi umeyapata kazini, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Unaubeba kwa kupanga mambo kwa tarehe.

Andika siku ulizofanya kazi ndani ya wiki mbili au tatu kabla ya kuugua, na ulimgusa nani au nini: mgonjwa, nguo za wagonjwa, vyoo, abiria, maji machafu. Andika nani mwingine wa zamu yako ameugua na lini. Andika kama ulipewa glovu, barakoa na sabuni au hukupewa. Andika pia hali ya nyumbani kwa ukweli, kwa sababu swali hilo litakuja: kuna mtu aliyeugua kabla yako? Kama hakuna, hilo lina uzito. Majibu ya maabara yaombe kwa karatasi yenye jina na tarehe. Na mwambie dakta kazi yako ni nini, maana mara nyingi hawaulizi, na kwenye kadi pale penye "kazi" panabaki patupu.

Wafanyakazi wa usafi wa hospitali na vituo vya karantini ndio walio katika hatari kubwa na ndio wenye karatasi chache, hasa wale walioletwa na kampuni ya usafi na si hospitali yenyewe. Kama wewe ni mmoja wao, jua jina kamili la kampuni iliyokuajiri. Hospitali itasema wewe si wake, na kwa hilo huenda ikawa inasema kweli.

Hatua ya saba: mshahara uliokatwa

Fidia huhesabiwa kwa kuangalia mapato ya mfanyakazi. Sasa mwajiri alipunguza mishahara kuwa nusu kwa sababu ya dharura, na wewe umeumia mwezi wa pili wa nusu hiyo. Hesabu itafanywa kwa mshahara upi?

Usiliache swali hili lijibiwe na mhasibu wa mwajiri. Peleka stakabadhi za mishahara ya mwaka mzima uliopita, kama huna basi taarifa ya benki au kumbukumbu za pesa kwa simu, na orodha ya michango yako kutoka ZSSF, ambayo inaonesha mshahara uliokuwa ukitangazwa. Peleka na barua ya kukatwa mshahara. Kama ulikubali nusu kwa muda maalumu tu, maneno "kwa muda" yana thamani ya pesa. Kama hukukubali kitu, sema hukukubali. Posho za kudumu, chakula na malazi uliyokuwa ukipewa nayo yataje, uache afisa aamue yapi yanahesabiwa.

Kama mchango wa ZSSF ulikuwa ukikatwa kwa mshahara mdogo kuliko uliokuwa ukilipwa kweli, utaligundua hapa. Liripoti, ni kosa la mwajiri na halipaswi kukupunguzia wewe.

Hatua ya nane: mwajiri amekataa, amefunga, au haonekani

Anza na afisa kazi wa Kamisheni ya Kazi. Mpe faili moja iliyopangwa: barua yako, cheti cha dakta, picha, ujumbe uliochapishwa, orodha ya mashahidi, ushahidi wa mshahara, na nakala ya amri ya dharura uliyoipata katika hatua ya pili. Afisa akiona faili ya namna hiyo kazi yake inakuwa nyepesi, na dai lako linaondoka kwenye "amesema, nimesema".

Mgogoro ukibaki, kuna kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi kilichoundwa na Sheria ya Mahusiano Kazini ya 2005, na juu yake Mahkama ya Kazi, ambayo ni sehemu ya Mahkama Kuu ya Zanzibar. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, mwambie kiongozi wa tawi kabla ya kwenda usuluhishi. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichopo tangu 1992 na chenye afisi Unguja na Pemba, au amuulize sheha wake msaidizi wa sheria wa jimbo. Mwanamke anayeona uzito kulielezea jambo lake mbele ya wanaume anaweza kuanzia kwa ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake.

Hoteli iliyofungwa na mwenyewe kaondoka nchini haimaanishi mwisho. Kampuni ina usajili, leseni na mara nyingi bima iliyokatwa kabla hajaondoka. Bima inafuata tarehe ya ajali. Kama ilikuwa hai siku ile, kufungwa kwa hoteli baadaye hakuiui. Muombe afisa kazi ataje jina la kampuni ya bima kwa maandishi, kisha uwaandikie moja kwa moja.

Mfanyakazi akifariki

Familia ifanye mambo mawili bila kuyachanganya. Mirathi ni mali ya marehemu na ina njia yake, pamoja na Mahkama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Fidia ya kifo kazini ni dai la wategemezi, yaani wale waliokuwa wakiishi kwa jasho lake, na orodha hiyo si lazima ifanane na ya warithi. Mama mzee wa Micheweni aliyekuwa akitumiwa pesa kila mwisho wa mwezi awe na ushahidi wa pesa hizo. Mke wa pili awe na cheti cha ndoa, watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa. Visivyopatikana vianze kutafutwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu wakati wa dharura afisi za usajili huwa na foleni ndefu kuliko zote.

Kama maziko yalifanywa haraka kwa agizo la afya na cheti cha kifo kimeandikwa chanzo kwa jumla tu, rudini hospitali muombe taarifa ya tabibu aliyemhudumia, na mpeleke taarifa ya kifo kwa mwajiri na Kamisheni ya Kazi bila kungoja karatasi zote zikamilike. Andikeni katika barua hiyo kwamba nyaraka zilizobaki zitafuata, na mzitaje moja moja.